Futi Mia Tatu Kuelekea Wapi

Nilimshuku yule mpima ardhi siku ya kwanza tu, kabla hajanipa sababu yoyote. Alikuwa Mhaya, mrefu, mwenye shati la kaki lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Kila alipoandika kitu kwenye daftari lake alilikinga kwa kiganja cha kushoto. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikinga jua, maana karatasi nyeupe ilimuumiza macho. Lakini siku ile nilijiambia: mtu anayeficha anachoandika, ana jambo.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Songea na cheti cha darasa la nane, na kazi niliyoipata Dar es Salaam ilikuwa ya kuvuta mnyororo wa kupimia viwanja. Tulikuwa watatu: mpima, mimi, na mwenzangu mmoja mtu mzima kutoka Lindi, ambaye kazi yake ilikuwa kutangulia mbele na fito zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Mimi nilibeba mnyororo, vigingi, na mtaimbo wa kutobolea ardhi ngumu. Siku hizo Temeke ilikuwa bado mashamba ya minazi na mihogo, nyumba moja hapa, nyingine kule, na serikali ilikuwa inapima upya mipaka kabla ya kupitisha barabara.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja wa Kizaramo, mjane, ambaye shamba lake lilikuwa miongoni mwa yale tuliyotumwa kupima. Hakuwahi kuniamini sawasawa. Asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo bibi," aliitikia, "Marahaba," halafu akaniangalia miguuni, kana kwamba ningeweza kuondoka na udongo wake kwenye viatu.

"Nyie watu wa mnyororo," aliniambia siku nilipohamia, "mkipita mahali, hapabaki kama palivyokuwa."

Tulianza shamba lake siku ya Jumatatu. Kwenye kona moja kulikuwa na jiwe la mpaka la tangu enzi ya Mjerumani, halina ubishi. Kutoka hapo mpima alitakiwa kufuata karatasi ya zamani: pande nne, akipigilia kigingi kila kona. Aliweka dira yake juu ya stendi ya miguu mitatu, akainama, akamwashiria mwenzangu wa Lindi aende kushoto kidogo, kulia kidogo, asimame. Mimi nilisimama nyuma yake, karibu kabisa, nimejiegemeza kwenye mtaimbo, nikichungulia daftari juu ya bega lake. Sikuona kitu.

Tulipiga upande wa kwanza, tukapiga wa pili, tukaweka vigingi viwili. Kisha masika yakafunguka. Mvua ilinyesha wiki tatu mfululizo, na tukahamishiwa kazi za ofisini, kupanga mafaili na kusafisha minyororo kwa mafuta.

Mvua ilipopungua, bibi alikwenda kutazama shamba lake. Alirudi akiwa ameshika kiuno.

"Minazi yangu sita," alisema. "Kigingi chenu kimeikata. Iko upande wa jirani."

Nilikwenda naye. Ilikuwa kweli. Ukisimama kwenye jiwe na kutazama kigingi cha kwanza, mstari ulipita ndani ya shamba lake, na minazi sita aliyoipanda marehemu mumewe ilibaki nje. Jirani wa upande ule alikuwa mfanyabiashara wa nazi kavu. Na adhuhuri nyingi, tangu tuanze kazi, mpima wetu alikuwa akienda kunywa kahawa barazani kwake.

"Umeshamwona akinywa kahawa hapa kwangu?" bibi aliuliza.

"Hapana, bibi."

"Basi."

Aliniomba nichunguze. Hakunilazimisha. Nadhani hata asingeniomba ningefanya hivyohivyo, kwa sababu shaka langu mwenyewe lilikuwa limeshapata pa kukaa. Alinitolea karatasi yake ya zamani kutoka kwenye bati la biskuti. Maandishi yalikuwa yamefifia lakini yalisomeka. Upande wa kwanza: futi 300. Wa pili: futi 240. Wa tatu: 300. Wa nne: 240. Mbele ya kila urefu kulikuwa na namba nyingine yenye kiduara kidogo juu yake: 82, 172, 262, 352.

Kiduara kile nilikijua, au nilidhani nakijua. Ofisini kwetu kulikuwa na kipimajoto ukutani, na chini yake ubao wa kuandikia joto la kila siku, namba na kiduara. Themanini na mbili ilikuwa joto la kawaida la Dar es Salaam kwa vipimo vya Mwingereza. Nikaamua kwamba wapimaji huandika joto la siku, labda kwa sababu mnyororo hurefuka juani. Lakini mia moja sabini na mbili? Mia tatu hamsini na mbili? Hapo nikaona uongo uko wazi.

Jumapili nilichukua kamba, nikaipima kwa mnyororo wa ofisi, nikaifunga fundo kila futi kumi. Nikaanzia kwenye jiwe. Nilitegemea kukuta futi mia mbili sitini, au mia mbili themanini, mahali fulani ambapo jirani amepewa kitu. Nikakuta mia tatu kamili. Kutoka kigingi cha kwanza hadi cha pili: mia mbili na arobaini kamili. Nilirudia. Namba hazikubadilika.

Nilikaa chini kwenye majani yenye maji. Urefu ulikuwa sahihi, na minazi ilikuwa imekwenda. Mtu anawezaje kuiba ardhi bila kuiba hata futi moja?

Nilimwandikia bibi barua ya kwenda kwa Bwana Shauri, afisa wa wilaya, bila kutia jina langu. Niliandika kwamba mpima anakunywa kahawa na mtu anayenufaika. Niliandika kwamba analificha daftari. Na niliandika, kwa ufahari mkubwa wa mtu aliyegundua siri, kwamba katika hesabu anazozifuata kuna joto la nyuzi mia moja sabini na mbili, joto ambalo lingemuua kila mtu Temeke. Bibi akatia dole gumba. Barua ikaenda.

Jambo linaloniuma nikilikumbuka ni kwamba wakati huohuo mpima alikuwa akinifundisha hesabu. Nilitaka kufanya mtihani wa kuingia chuo cha ufundi, naye alipojua, akajitolea saa ya mapumziko, siku ambazo haendi kwa jirani. Nilikubali, huku nikijiuliza anataka nini kwangu.

Siku moja aliniuliza kama nina swali. Nikamtegea. "Mwalimu," nikasema, maana ndivyo nilivyoanza kumwita, "vile viduara kwenye karatasi za vipimo, ni joto?"

Alinitazama. Sikuweza kusoma uso wake. "Joto la nini?"

"La siku."

Hakucheka. Alifunga kitabu, akasimama, akaniambia nimfuate nje, kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya ofisi.

"Tembea hatua hamsini," akasema.

Nikabaki nimesimama. "Niende wapi?"

"Nimekuambia hatua hamsini."

"Ndiyo, mwalimu, lakini kuelekea wapi?"

"Ahaa," akasema. "Sasa umeuliza."

Akanieleza kwamba kuna vitu ambavyo ukitaja ukubwa wake umemaliza. Joto ni hivyo. Umri wa bibi yako ni hivyo. Kilo mbili za mchele ni kilo mbili, iwe unatazama baharini au Pugu. Hakuna anayeuliza kilo zinaelekea wapi. Hivyo Wazungu wanaviita skala. Na kuna vitu ambavyo ukitaja ukubwa peke yake hujasema kitu, mpaka utaje na mwelekeo. Safari ya kutoka hapa hadi pale ni hivyo. Kusukuma ni hivyo. Hivyo ni vekta.

"Unakumbuka lori letu lilipozama mchangani njia ya Mbagala?" akauliza. "Tulisukuma watu wanne."

"Nakumbuka. Halikutoka."

"Wewe ulisukuma kutoka ubavuni, kwa sababu hukutaka matope ya gurudumu. Ulitoa jasho kama sisi. Nguvu yako ilikuwa kubwa, lakini haikwenda lori linakotakiwa kwenda."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimevaa suruali mpya. Sikujua kwamba aliniona.

Kisha akanipeleka hatua thelathini kuelekea mashariki, na kutoka hapo hatua arobaini kuelekea kaskazini. "Umetembea ngapi?"

"Sabini."

"Sasa rudi moja kwa moja ulikoanzia, ukihesabu."

Nilihesabu hamsini. Nikadhani nimekosea, nikarudia, nikapata hamsini. Nilimwangalia kwa wasiwasi, kama mtu anayemtazama mchezeshaji karata sokoni. Akachora mchangani kwa kijiti: mshale mmoja wa thelathini, mwingine wa arobaini ukianzia pale wa kwanza ulipoishia, na wa tatu ukitoka mwanzo hadi mwisho. Namba tupu unazijumlisha na kupata sabini, akasema. Mishale unaiunganisha kichwa kwa mkia, halafu unatazama umefika wapi.

"Na vile viduara?" nikauliza, sauti imeshuka.

"Ni nyuzi za dira. Unaanza kaskazini, unazunguka kwa kulia. Tisini ni mashariki. Mia na themanini ni kusini. Themanini na mbili ni karibu na mashariki, imeegemea kaskazini kidogo."

Barua ilikuwa imeshaondoka siku nne zilizopita.

Ningeweza kumwambia palepale. Sikumwambia. Nilijipa sababu: huenda ananieleza vizuri kwa sababu anajua anavyodanganya. Urefu ulikuwa sahihi, basi wizi upo kwenye mshale. Ndivyo nilivyojisemea, na kusema kweli, kwa upande wa mshale sikuwa mbali na ukweli.

Tulirudi shambani juma lililofuata. Bibi alisimama mlangoni kwake, mikono kifuani, akitutazama kama anayelinda mahakama. Mpima aliendelea pale tulipoishia. Kutoka kigingi cha pili tulipiga upande wa tatu, futi mia tatu, kigingi. Upande wa nne ulitakiwa uturudishe kwenye jiwe. Tulivuta mnyororo, futi mia mbili na arobaini, nikasimama na ncha yake mkononi.

Nilikuwa nimesimama katikati ya mihogo. Jiwe lilikuwa mbele yangu, mbali.

Mpima alikuja polepole. Akapima kutoka mguuni kwangu hadi kwenye jiwe: futi arobaini na mbili. Alitoa leso akajifuta shingo.

"Tumetembea urefu wote ulioandikwa," akasema, akijisemea zaidi kuliko kutuambia. "Futi elfu moja na themanini. Na hatujafika." Akanigeukia. "Ukizunguka shamba na kurudi kwenye jiwe lako, mishale minne ikiunganishwa inatoa nini?"

Nilifikiri. "Si inatoa... hakuna kitu? Nimerudi palepale."

"Sifuri. Na yetu imetoa futi arobaini na mbili. Mshale mmoja ni wa uongo." Kisha sauti yake ikabadilika. "Nani alishika dira yangu?"

Mwenzangu wa Lindi aliapa kwamba hajawahi kuigusa. Nami niliapa. Mpima alitutazama mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza nilijua inavyokuwa kutazamwa kwa jicho ambalo mimi nilikuwa namtazama nalo miezi miwili.

Alirudi kwenye jiwe, akaweka dira upya. Akamtanguliza mwenzangu na fito, akatafuta themanini na mbili. Ufito ulisimama pale hasa minazi ilipoishia, upande wa jirani. Minazi yote sita ikabaki kwa bibi. Akasoma tena, ikawa vilevile. Kigingi chetu cha zamani kilikuwa kulia zaidi, kwenye tisini.

"Nyuzi nane," akasema. "Dira haiwezi kukosea nyuzi nane kwa hiari yake. Siku ile nani alikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa mbele," akasema wa Lindi.

"Na mimi nilikuwa hapa nyuma yako," nikasema, na nikasogea kumwonyesha. Nilikuja na mtaimbo wangu, nikausimika ardhini karibu na bega lake, nikajiegemeza kama siku ile.

Mpima alikuwa ameinama juu ya kioo cha dira. "Rudi nyuma," akasema. Nikarudi. "Njoo." Nikaja. "Rudi."

Nilichungulia nikaona mwenyewe. Nikisogea na kile chuma, sindano ilijivuta kunifuata. Nikirudi, ilirejea mahali pake, ikitetemeka.

"Kwa nini ulisimama karibu hivi?" akaniuliza. "Sikukufundisha kusimama hapa."

Ningesema nini? Kwamba nilitaka kuona anachoiba?

"Nilitaka kujifunza," nikasema.

Tulipiga upya pande zote nne. Upande wa nne uliishia kwenye jiwe, umepungua inchi tano, na mpima akasema hizo ni za mnyororo kulegea. Vigingi vya kusini tulivirudisha kutoka kwenye kinamasi cha mwisho wa shamba, na bibi, ambaye hakuwahi kulalamika kwamba kosa lile lilimpa futi arobaini za matope ya bure, alivitazama tu vikirudi.

Jirani ndiye aliyekasirika sasa. "Mmepewa nini na bibi kizee?" alifoka. Mpima alimjibu kwa upole maneno mawili matatu, akamtaja binti yake, naye akapoa kidogo. Ndipo nilipojua habari ya kahawa. Binti wa yule mtu alikuwa ameolewa Bukoba, na mpima alikuwa akimsomea barua zake na kumwelezea watu na mahali alipokwenda kuishi. Hayo ndiyo waliyokuwa wakizungumza adhuhuri zote zile.

Nilitamani barua yangu ipotee. Haikupotea. Siku mbili baadaye Bwana Shauri alikuja mwenyewe na gari, kijana wa Kizungu mwenye kofia kubwa. Tukaitwa sote barazani kwa bibi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhangaika, kwa hiyo alifanya jambo ambalo sikulitarajia kabisa: alimkabidhi mpima barua ile aisome kwa sauti na kumtafsiria.

Mpima aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma habari ya kahawa bila kutikisika. Aliisoma habari ya daftari. Kisha akafika kwenye joto la nyuzi mia moja sabini na mbili. Akasita. Macho yake yalinyanyuka, yakapita kwa bibi, yakaja kwangu, yakakaa hapo muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akaendelea hadi mwisho, na akaitafsiri yote, bila kupunguza.

Bwana Shauri aliuliza kama kuna kosa lilifanyika. Mpima akamjibu kwa Kiingereza, nami niliambulia ya kutosha. Alisema ndiyo, mstari wa kwanza ulipotoka kwa nyuzi nane kwa sababu kulikuwa na chuma karibu na dira. Alisema umesharekebishwa. Aliulizwa chuma ni cha nani. Akasema, "Mwenye dira ni mimi. Kuangalia kama kuna chuma ni kazi yangu."

Alipewa onyo la maandishi, likatiwa kwenye faili lake.

Jioni ile nilimfuata akiwa anafunga vifaa. "Mwalimu," nikaanza, "ile barua..."

"Najua," akasema, bila kugeuka. "Hakuna mtu mwingine Temeke nzima aliyewahi kuniuliza habari ya joto."

"Nisamehe. Nilikushuku bure."

"Ulipima kwa kamba?"

"Ndiyo."

"Ukapata mia tatu."

"Ndiyo."

"Ulipima vizuri," akasema, akakaza kamba ya begi. "Ila hukuniuliza."

Aliendelea kunifundisha hadi nilipofanya mtihani. Hakukosa hata siku moja. Tulifika kwenye mwendo na kasi, tukafika kwenye upepo unaosukuma ndege ubavuni. Lakini tangu siku ile, akimaliza kuandika, alilifunga daftari na kulitia mfukoni, na penseli zake alizihesabu kabla hatujaachana. Nami sikuwa na haki ya kuuliza.

Bibi naye hakubadilika sana. Minazi ilirudi, na bado kila asubuhi alikwenda hadi kwenye kigingi na kukitikisa kwa mguu. "Kimetembea mara moja," alisema, "kinajua njia."

Chuo kilidai barua ya mtu aliyenifahamu kazini. Nilimwomba mpima, wakati huo akijiandaa kuhamishiwa Kigoma. Aliiandika palepale, juu ya boneti la lori, akanipa bila kuifunga ili nione hajaficha kitu. Nilijua jinsi barua hizo zinavyoandikwa. Nilizipanga kwenye mafaili wiki tatu zile za mvua. Zote husema mchukuaji ni hodari, mtiifu na mwaminifu.

Yake ilikuwa na mistari miwili. Ilisema mchukuaji wa barua hii anapima kwa uangalifu mkubwa, na sasa anajua tofauti kati ya urefu na mwelekeo. Basi. Niliisoma mara tatu nikitafuta neno lile la tatu. Halikuwepo. Nikamshukuru, akanipa mkono, akapanda lori. Chuo kilinipokea kwa barua hiyohiyo. Hakuna aliyeuliza nini kimekosekana.